Maswali mnayoniuliza sana kuhusu hela ya kaunsili ya kujipangia kea wenyewe (England)

Naandika hapa kwa sababu simu zimekuwa nyingi na maswali ni yale yale, jana dada mmoja kanipigia akiwa bado hospitali, mamake anaruhusiwa kesho na yeye hajui aanzie wapi. Mimi naishi England na mamangu, alipata kiharusi, na huu ni mwaka wa sita tunatumia hii hela. Ninayoyasema hapa ni ya England tu, Scotland na wengine nimewagusa kidogo huko chini.

Hii hela ni hela gani hasa?

Mtu akiwa mgonjwa, mlemavu au mzee na hawezi kujihudumia, kaunsili (serikali ya mtaa) inampima, yaani inakagua anahitaji msaada gani, na ikikuta anastahili lazima ihakikishe anapata msaada. Njia iliyozoeleka ni kaunsili yenyewe kutafuta ejensi (kampuni ya huduma), ejensi inaleta kea (mhudumu) anaingia nusu saa anatoka. Njia ya pili ni kaunsili kukukabidhi wewe ile hela, halafu wewe ndo unamtafuta mtu, unapanga aje saa ngapi na afanye nini. Kwenye barua zao utaona imeandikwa Direct Payment. Wengi hawaambiwi kabisa kama hii njia ipo, au wanatajiwa juu juu mwisho wa kikao wakati kila mtu ashachoka, kwa hiyo iulizie mwenyewe.

Mbona ni kazi nyingi, si bora ejensi tu?

Kwa wengine ejensi ni sawa kabisa, wala sitaki kumtisha mtu. Nitawaambia ya kwetu. Mama baada ya kiharusi Kiingereza kilimtoka chote, kikabaki Kiswahili. Wiki ya kwanza waliletwa kea watano tofauti, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba "naomba maji" si maji ya kunywa tu, anataka maji ya kutawadha. Asubuhi moja akaja kijana wa kiume kumuogesha, kijana wa watu mpole hana kosa, kapewa orodha tu, lakini mama aling'ang'ania shuka kwa mkono ule mmoja unaofanya kazi mpaka vidole vikawa vyeupe. Mimi nilikuwa kazini, nikaja kuambiwa jioni kwamba amekataa huduma. Imeandikwa hivyo kwenye daftari, "amekataa huduma".

Sasa hivi anayemuogesha ni mwanamke tuliyemchagua, wanaongea Kiswahili, anajua uji wa mama unatiwa nini na anajua Ijumaa kuna kanga maalumu. Hela ni ile ile ya kaunsili. Ndo maana navumilia makaratasi.

Ilianzaje hadi serikali ikakubali kumpa mtu hela mkononi?

Haikukubali kirahisi. Sheria ya 1948 ilizuia kabisa kumpa mtu mlemavu pesa taslimu badala ya huduma. Miaka ya mwisho ya 70 walemavu waliokuwa wanaishi kwenye nyumba ya kulelewa huko Hampshire, akiwemo John Evans, walianza kudai watoke wakaishi kwao kwa kutumia hela ile ile kaunsili iliyokuwa inailipia nyumba, ikabidi hela ipitishwe kwa mtu wa kati kukwepa hiyo sheria. Sheria ya kuruhusu ikapitishwa 1996, ikaanza kazi Aprili 1997, na wazee wa zaidi ya miaka 65 wakaingizwa mwaka 2000. Leo mambo ya watu wazima yako kwenye sheria inayoitwa Care Act ya 2014 iliyoanza Aprili 2015, hilo jina likariri kwa sababu ukilitaja kwenye simu wanakusikiliza tofauti. Kwa hiyo mtu asikwambie ni hisani, watu wasioweza hata kuinua kijiko wamepigania hii kitu.

Nani anapata?

Kwanza upimwe. Kupimwa ni bure na ni haki ya mtu mzima yeyote anayeonekana anahitaji msaada, hawaruhusiwi kukunyima kipimo eti kwa sababu una hela. Wanaangalia mambo matatu: shida inatokana na ugonjwa au ulemavu wa mwili au akili, halafu kutokana na hiyo shida kuna mambo angalau mawili kwenye orodha yao ya kumi huwezi kuyatimiza (kula vizuri, kujisafisha, choo, kuvaa, kuwa salama nyumbani, kuonana na watu na kadhalika), na tatu iwe inakuathiri sana maisha.

Hapa kuna shimo ambalo watu wetu wanatumbukia na linaniuma sana. Sisi ukiulizwa hujambo unajibu sijambo hata kama hujalala siku tatu. Soshowoka (afisa wa ustawi wa jamii wa kaunsili) anamuuliza mzee, unaweza kuvaa mwenyewe? Mzee anajibu naweza, alhamdulillah. Hasemi kwamba anachukua saa nzima na shati analivaa kinyume. Soshowoka anaandika "anaweza" na hapo pameisha. Kwenye sheria, kama unaweza lakini kwa maumivu, au kwa hatari, au kwa muda mrefu kupita kawaida, hiyo inahesabiwa kwamba huwezi. Waelezeni wazee hilo mapema kabla ya siku ya kipimo, waambieni hapa si kulalamika wala kumkufuru Mungu, ni kueleza hali ilivyo. Na andika daftari la wiki moja, usiku ameamka mara ngapi, ameanguka lini, nani alimuinua.

Jambo jingine, omba mkalimani. Usimtumie mtoto wa miaka 12 kumtafsiria bibi yake habari za choo. Na kama mgonjwa anapata shida kubwa kuelewa mazungumzo na hana ndugu wa kumsemea, kaunsili inatakiwa imtafutie mtetezi wa kujitegemea.

Viza yangu imeandikwa no recourse to public funds (siruhusiwi misaada ya serikali). Nikiomba si ndo nimejichoma?

Hili swali naulizwa kwa kunong'onezwa. Kea (huduma) ya kaunsili chini ya Care Act haimo kwenye orodha ya "public funds" za uhamiaji. Zilizomo ni kama Universal Credit (posho ya wenye kipato kidogo), PIP (posho ya ulemavu), child benefit (posho ya watoto), nyumba za kaunsili. Kwa hiyo mwenye viza halali yenye hayo maneno anaweza kuomba apimwe na akapewa msaada bila kuvunja sharti la viza yake.

Ila, sikilizeni vizuri, kuna makundi ambayo sheria ya 2002 inawawekea kizuizi, mfano mtu aliyebaki nchini bila kibali au aliyekataliwa ukimbizi, na hapo kaunsili inatakiwa kwanza iangalie kama kumnyima kutavunja haki zake za kibinadamu. Ukiwa upande huo muone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla hujapiga simu popote, usitegemee maneno yangu wala ya mtu wa msikitini.

Nina akiba kidogo, na nyumbani Tanzania nina nyumba. Watanipa?

Baada ya kipimo cha mahitaji kinakuja kipimo cha mfuko. Ukiwa na mali ya zaidi ya pauni 23,250 unajilipia mwenyewe. Chini ya pauni 14,250 akiba yako haiguswi. Katikati hapo, kila pauni 250 inahesabiwa kama inakuingizia pauni 1 kwa wiki. Nyumba unayoishi haihesabiwi kama unahudumiwa ukiwa nyumbani. Lakini nyumba nyingine, hata ikiwa Mbezi au Nyali, ni mali na unatakiwa uitaje, kuna utaratibu wa kuithamini. Usiifiche, na usikimbilie kuiandikisha jina la mdogo wako wiki moja kabla ya kipimo, wakiona ulifanya makusudi wanaihesabu kama bado ni yako.

Kitu ambacho watu hawakidai ni gharama za ulemavu. Hita inawaka mchana kutwa, mashine ya kufulia kila siku kwa ajili ya mashuka, teksi za kliniki, weka risiti zote uwaonyeshe, zinapunguza kile unachotakiwa kuchangia. Sisi tulikaa karibu mwaka bila kujua hili.

Naweza kujilipa mimi mwenyewe? Ndo mimi ninayemuangalia mama.

Kama mnaishi nyumba moja, kwa kawaida hapana. Sheria inasema hela hii isimlipe mume, mke, mwenza au ndugu wa karibu anayeishi humo humo ndani kwa ajili ya kumhudumia, isipokuwa kaunsili ikiona kwamba ni lazima. Hiyo isipokuwa si ya kudharau, lugha au dini inaweza kuwa sehemu ya hoja yako, lakini uipate kwa maandishi kabla ya kulipana. Wanaweza pia kukubali ndugu wa ndani alipwe kwa kazi ya usimamizi tu, yaani hesabu na makaratasi.

Ndugu anayeishi kwake ni ruksa. Sisi tumemwajiri binti wa shangazi yangu, anakaa mitaa miwili kutoka kwetu. Na wewe unayemhudumia usijisahau, una haki ya kupimwa wewe kama wewe, na unaweza kupewa hela yako ya kukusaidia upumue. Wanawake wetu hii hawaiombi, wanaona aibu kusema wamechoka na mama yao.

Kwa hiyo nakuwa bosi?

Ndio, na hapa ndo pagumu. Mgonjwa (au wewe unayemsimamia) anakuwa mwajiri kisheria. Mnajisajili HMRC (mamlaka ya kodi) na kuendesha PAYE (kukata kodi kwenye mshahara). Mnachukua bima ya mwajiri, kiwango cha chini kisheria ni pauni milioni 5, ni bima ya bei nafuu na kaunsili inatakiwa iiweke kwenye bajeti. Mfanyakazi apewe masharti ya kazi kwa maandishi siku anayoanza, apewe hati ya mshahara, apewe likizo yenye malipo ya wiki 5.6 kwa mwaka, akiumwa ana haki zake. Akiwa na miaka 22 au zaidi na hajafika umri wa pensheni ya serikali na unamlipa zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka unamwandikisha pensheni. Mshahara usishuke chini ya kima cha chini, kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa wa miaka 21 na kuendelea, na huwa kinapanda kila Aprili, kwa hiyo kila Machi ulizia kaunsili kama na hela yako inapanda.

Usiogope. Kuna kampuni na mashirika ya peiroli (hesabu za mishahara), unawatumia masaa aliyofanya wanakurudishia hesabu zote, gharama yao pia inaingia kwenye bajeti. Na mwajiri wa kea wa nyumbani anaruhusiwa kudai Employment Allowance ambayo inafuta mchango wa bima ya taifa upande wa mwajiri hadi kiwango fulani, mkumbushe mtu wa peiroli.

Sasa kuna ule mtindo wetu wa bahasha. "Yeye ni self-employed bwana, mpe keshi tu." Kama wewe ndo unampangia saa, unamwambia afanye nini na hawezi kumtuma mtu mwingine badala yake, basi huyo ni mwajiriwa hata mkiandikiana karatasi mia. Kuna familia moja ninayoifahamu mfanyakazi aliondoka akadai likizo ya miaka miwili, ikabidi walipe kwa mkupuo kutoka mfukoni. Na wala hakuwa mbaya, alikuwa anadai haki yake. Mtu anayemgeuza mamako usiku anastahili likizo.

Namtaka dada fulani toka nyumbani, ana viza ya mwanafunzi. Inafaa?

Kabla ya siku ya kwanza lazima uhakiki kibali chake cha kazi, anakupa namba ya uhakiki (share code) anayoitoa kwenye tovuti ya serikali, wewe unaingia unaangalia mwenyewe na unahifadhi ushahidi. Ukimwajiri mtu asiye na ruhusa faini inaweza kufika pauni 45,000 kwa mtu mmoja hata kama ni mara yako ya kwanza. Mwanafunzi wa digrii kwa kawaida haruhusiwi kupita masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na hayo 20 ni ya kazi zake zote kwa pamoja, sio kwako tu. Mwenye viza aliyodhaminiwa na ejensi naye ana mipaka yake, soma masharti yake kabla hujamwahidi kitu. Kumhurumia mtu ni kitu kizuri lakini mkikamatwa anaumia yeye zaidi yako.

Hela wanayotoa inatosha?

Kisheria inatakiwa itoshe kununua huduma iliyoandikwa kwenye mpango wako. Kiukweli kuna kaunsili zinakupa bei kwa saa ambayo ukitoa likizo, bima na pensheni mshahara unashuka chini ya kima. Waombe wakuonyeshe walivyopiga hesabu, mstari kwa mstari. Ikiwa hupati mtu kwa bei hiyo, weka ushahidi, matangazo uliyoweka, watu waliokataa, halafu omba wapitie upya.

Inaruhusiwa kununulia nini?

Chochote kinachotimiza mahitaji yaliyoandikwa kwenye mpango. Kea wa kuajiri, ejensi uliyoichagua mwenyewe, kituo cha mchana, vifaa vingine, mtu wa kumpeleka mzee msikitini au kanisani kama mpango unataja kuonana na watu, na ndo maana siku ya kuandika mpango usiridhike na "kuogeshwa na kulishwa", waambie na maisha yake mengine. Haiendi kwenye chakula, kodi ya nyumba, bili wala kutuma nyumbani. Haiwezi kulipia mtu kuishi moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee, mwisho wiki 4 mfululizo ndani ya miezi 12. Unataka kwenda na mzee Mombasa au Unguja na kea wake? Uliza kwa maandishi kabla ya kukata tiketi.

Hesabu zikoje?

Hela inakaa akaunti yake peke yake, au kwenye kadi ya kaunsili, au shirika linakushikia. Usichanganye na akaunti yako hata siku moja, hata kwa kukopa ukarudisha kesho. Mimi nina bahasha ya kila mwezi, risiti, karatasi ya masaa imesainiwa, hati ya mshahara. Wanatakiwa wapitie ndani ya miezi 6 ya kwanza halafu angalau kila miezi 12. Ikirundikana wanaweza kuichukua, kwa hiyo kama ni akiba ya likizo au kodi inayokuja, andika hivyo.

Itakata benefits (posho za serikali) zangu?

Hapana, haihesabiwi kama mapato yako na haikatwi kodi. Anayelipwa mshahara ndo kwake ni mapato, kama yuko Universal Credit atoe taarifa.

Baba ana dementia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), hawezi kusaini. Basi tena?

Hapana, sheria inaruhusu mtu mwingine apokee hela kwa niaba yake, kaunsili ikiridhika kwamba huyo mtu anafaa na atafanya kwa maslahi ya mgonjwa. Yakubalianeni ndugu mapema nani atabeba, nimeona ndugu wanagombana mbele ya soshowoka na mzee kakaa pale anawatazama.

Mtoto wangu ndo mlemavu, mimi mzazi naweza?

Ndio, mzazi anaweza kupewa, inatoka kwenye Children Act ya 1989, unaomba kitengo cha watoto na akifika miaka 16 anaweza kuipokea mwenyewe. Anza kuulizia mambo ya upande wa watu wazima kabla hajafika 18, pale katikati watoto wanapotea.

Wamenikataa, au wananizungusha miezi.

Omba sababu kwa maandishi. Lalamika rasmi kwa kaunsili yenyewe kwanza. Usiporidhika unakwenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman (mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya kaunsili), ni bure, na kwa kawaida uende ndani ya miezi 12 tangu ujue tatizo. Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure) wanasaidia kuandika. Sisi malalamiko yetu yalichukua muda na nililia kwenye basi mara nyingi, ila barua ya msamaha ilikuja na bajeti ikapanda.

Kea akiumwa je? Na nikishindwa kabisa?

Uwe na mtu wa pili aliyeshajulikana na mgonjwa, hata wa masaa mawili kwa wiki, ili siku ya dharura asiwe mgeni. Na hii njia ni hiari, unaweza kuiacha ukarudi kwa ejensi, au kuchanganya asubuhi ejensi na jioni mtu wako. Kaunsili bado inawajibika kwa mgonjwa. Ila uliyemwajiri mpe notisi yake.

Nipo Glasgow, ni hivi hivi?

Wazo ni lile lile, sheria tofauti. Scotland wana yao ya 2013 yenye machaguo manne na hela mkononi ni mojawapo, na huduma ya kuhudumiwa mwili kama kuogeshwa ni bure kwa mtu mzima anayestahili. Wales wana ya 2014, Ireland Kaskazini ya 2002.

Nianze na nini kesho asubuhi?

Piga simu kaunsili ya mtaa wako, omba idara ya kea ya watu wazima, sema unataka kipimo cha mahitaji chini ya Care Act, sema na wewe mhudumu unataka chako, sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na sema unataka kujua kuhusu Direct Payment. Kama mgonjwa bado yuko wodini usisaini chochote cha kuruhusiwa mpaka umeambiwa nani atakuja nyumbani jioni ile ile. Andika tarehe, saa na jina la uliyeongea naye, halafu ikifika wiki mbili kimya piga tena.